MTUMISHI WA CHAMA ARUDIPO MASOMONI

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Bodi imetupa nafasi ya kusema juu ya jambo moja ambalo limezungumzwa sana penye mizani na njiani watu warudipo kutoka mnadani, lakini halijapata kuzungumzwa waziwazi katika ukumbi huu. Jambo lenyewe ni hili la watumishi wa Chama walioacha shule miaka mingi iliyopita, na ambao sasa, hali wana kazi na jamaa za kulisha, wamerudi kusoma masomo ya juu usiku na siku za mapumziko. Wako kati yenu waliolisifu. Wako pia walionung'unika, na manung'uniko yao yametufikia. Mzee mmoja wa chama cha bondeni alituambia usoni, tena kwa upole, ya kwamba karani mwenye vitabu viwili hawezi kukitunza vema kimoja. Naye alikuwa akilisema daftari la Chama. Tulimheshimu kwa kuyasema mbele yetu wala si kisogoni, na leo twataka kumjibu kwa heshima ile ile.

Katika miaka kumi hii watumishi watano wa ofisi yetu walijiandikisha vyuoni huku wakiendelea na kazi: mhasibu msaidizi, karani wa pembejeo, karani wa ghala, dada yetu wa masjala, na huyu asomaye hotuba hii. Wote waliingia kazini na cheti cha sekondari tu, wengine cha kidato cha nne, wengine cha sita. Twaitoa hesabu yao kamili bila kuficha: mmoja amehitimu, wawili wameachia njiani, wawili bado wasoma.

Mmetuuliza: mtu mwenye kazi yake na mshahara wake, anatafuta nini tena darasani? Baadhi yenu mmelijibu swali hilo wenyewe, mkasema atafuta cheo. Hatusemi kwamba hakuna mwanadamu apendaye cheo. Lakini tazameni kazi yenyewe ilivyobadilika. Chama hiki kilipoanza, kazi ya ofisi ilikuwa kupima, kuandika stakabadhi, kupeleka mzigo kiwandani ukakobolewe, na kulipa. Kazi hizo zingalipo, ila zimezaa nyingine. Hesabu za vyama zatakiwa kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, uitwao MUVU. Wakaguzi wa COASCO wajapo hawaulizi tena kama daftari lipo. Wauliza kwa nini uchakavu wa mashine umehesabiwa hivi wala si vile. Umoja wa Ulaya nao ulitunga sheria mwaka 2023 ya kwamba kahawa iingiayo katika nchi zake isitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na ya kwamba shamba ilikotoka lijulikane kwa vipimo vya ramani. Kuanza kutumika kwa sheria hiyo kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mkulima mwenye ekari moja na nusu ya kahawa hapa mlimani ameandikiwa kazi na watu walio ng'ambo ya bahari, na ni lazima awepo mtu wa kumsomea barua hiyo.

Kuna mwaka ulikuja mkataba wa kurasa kumi na nne, wote kwa Kiingereza, kutoka kwa mnunuzi ambaye hatutamtaja. Bei haikuandikwa kwa shilingi wala kwa dola. Iliandikwa kuwa ni bei ya soko la New York ya siku itakayochaguliwa, kutoa kiasi fulani. Ni nani mwenye haki ya kuichagua siku hiyo? Neno hilo lilikuwa limekaa kimya katika ukurasa wa kumi na moja. Ilibidi Chama kimlipe mwanasheria wa mjini atusomee, na ujira wake ulitoka katika kahawa yenu. Alifanya kazi yake vizuri, hatuna lawama juu yake. Mwaka uliofuata ukaja mkataba mwingine, tukamlipa tena.

Hapo ndipo wengine husema: basi ajirini vijana wenye shahada tayari, wako tele mitaani, muwaache makarani wenu walale usiku. Shauri hilo si baya, na twaona Chama kitawahitaji vijana hao. Ila kijana atokaye chuoni moja kwa moja ana kazi ya kujifunza ambayo hakuna chuo kiifundishayo. Hajui kwamba chama fulani huleta kahawa yenye unyevu kila mvua za mwisho zinapochelewa, wala hajui ni mzee yupi akinyamaza mkutanoni ndiyo dalili ya kuwa hakukubali. Karani wetu ayajua hayo tangu zamani. Ajuavyo watu na kazi amekwisha kuvilipia. Kilichopungua kwake ni kile kilichomo vitabuni, na kitabu chaweza kumfuata mtu mlimani. Ujuzi wa watu haufuati mtu mjini.

Wala njia hii ya kusoma huku mtu akifanya kazi haikuzuliwa na sisi. Ushirika wenyewe ulizaliwa pamoja nayo. Wale wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, hawakukaa miaka mingi kabla ya kutenga sehemu 2.5 kwa mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakaweka maktaba na chumba cha kusomea magazeti kwa wanachama. Nao walikuwa watu wa kushinda kazini kutwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiohudhuria madarasa yake, na kwa mlango huo watu wengi wa makoloni walisoma kwa taa ya mafuta wakiwa walimu na makarani. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Humo ndimo Nelson Mandela alimopatia shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Twamtaja Mandela kwa hadhari, maana si vizuri karani wa ghala kujilinganisha na shujaa. Ila neno moja lafaa kukumbukwa: naye alianza masomo ya sheria ujana wake, akayaacha, akayarudia, na ilimchukua miaka mingi kuyamaliza.

Hapa kwetu, Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapata mwenzake, Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichowafundisha wanakamati na wanachama kwa masomo ya posta, vikundi vya kusoma na redio. Huenda wako humu ukumbini wazee waliowaona baba zao wakizipokea bahasha zile. Chuo hicho kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine mwaka 2004, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Nacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, na vituo vyake vimeenea mikoani. Hata ile fikira kwamba mtu aonje kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, nchi yetu ilikwisha kuijaribu: Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu, nalo likalegezwa baadaye. Sisi hatukulazimishwa na azimio lolote. Umaskini wa nyumbani ndio uliotupeleka kazini kwanza.

Basi tuje katika hesabu, maana ninyi ni watu wa mizani, na jambo lisilopimwa hamliamini.

Shahada ya kwanza katika nchi yetu hupimwa kwa krediti, na haiwi pungufu ya krediti 360. Krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kusoma, kuandika, kufanya mazoezi na kujiandaa kwa mtihani. Kwa hiyo mzigo mzima ni saa 3,600. Mwanafunzi wa bweni huumaliza kwa miaka mitatu, kwa kuwa kusoma ndiko kazi yake. Mtumishi wa Chama je? Tumepima usiku wetu. Kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, siku nne kwa juma, ni saa 8. Jumamosi alasiri saa 4. Jumapili baada ya ibada saa 3. Jumla saa 15 kwa juma, na hapo hakuna msiba wala mgonjwa wala mkutano wa kijiji. Kisha laja vuno. Kwa majuma 16 ya ununuzi wa kahawa hakuna mtumishi wa Chama asomaye, na amwambiaye Mwenyekiti kwamba asoma atakuwa anamdanganya. Yabaki majuma 36. Mara 15, ni saa 540 kwa mwaka. Gawanyeni 3,600 kwa 540: ni miaka sita na miezi minane.

Hesabu hiyo ni ya aingiaye katika shahada moja kwa moja. Mwenye cheti cha kidato cha nne ana ngazi nyingine chini yake, astashahada na stashahada, na kila ngazi ina miaka yake. Twayasema haya mbele ya vijana wa ofisini na watoto wenu wanaotusikiliza, kwa sababu kuna matangazo mengi ya kumvutia mtu kana kwamba elimu ya jioni ni njia ya mkato. Anayeianza akidhani ni miaka mitatu huvunjika moyo mwaka wa tatu, si kwa uvivu, bali kwa kuwa alipewa kipimo cha uongo tangu mwanzo.

Na hizo saa mbili za usiku zatoka wapi? Haziko dukani. Zatolewa katika usingizi, na katika nyumba. Baba asomaye hamsaidii mtoto wake hesabu za shule. Mama asomaye hulala baada ya wote na kuamka kabla ya wote. Dada yetu wa masjala alijifungua katika mwaka wake wa pili wa masomo. Alikuwa akisoma katika simu, mtoto kifuani, usiku wa manane mtandao unapokuwa mwepesi, na ripoti aliyoandika kwa namna hiyo ilikubaliwa chuoni. Mama mkwe wake, ambaye ni mwanachama wetu na yumo humu ukumbini, hapo kwanza hakupendezwa. Baadaye akawa ndiye ampokeaye mtoto Jumamosi. Tungependa mkutano huu ujue kwamba katika shahada hiyo, ikipatikana, kuna saa nyingi za bibi huyo ambazo hakuna chuo kitakachoziandika katika cheti.

Sasa tuwaseme walioachia njiani, kwa maana ndiko kwenye neno letu kubwa.

Karani wa pembejeo alifiwa na baba yake, akawa mlezi wa wadogo zake wanne kwa siku moja. Ada ya chuo ikawa unga na sare. Hapo hakuna wa kulaumiwa, wala hakuna kanuni ambayo ingemzuia. Twamwombea apate nafasi tena.

Habari ya karani wa ghala ni nyingine. Alikuwa amesoma kwa miaka miwili na kufaulu. Mwaka wa tatu ratiba ya mtihani ikaangukia juma lile lile la kufungua ununuzi. Magunia yalikuwa hayajagawanywa, mizani mbili zilikuwa hazijapimwa na Wakala wa Vipimo, na funguo za ghala anazo yeye. Hakuna aliyemkataza kwenda. Hakuna pia aliyemruhusu, kwa kuwa kanuni zetu za utumishi hazisemi neno lolote juu ya mtihani. Zasema juu ya ugonjwa, uzazi na msiba tu. Alikaa siku mbili akiwaza, halafu akaamua kubaki na mizani. Kahawa yenu mwaka ule ilipokelewa bila hitilafu hata kilo moja. Ada yake ya mwaka ikapotea, na mwaka uliofuata hakujiandikisha tena. Wengi wenu mlimwona ghalani juma lile, mkamsalimu, mkaenda zenu. Hakuwaambia kitu.

Ndugu wanachama, mzee wetu wa bondeni aliuliza kama mtumishi msomaji aweza kutunza daftari la Chama. Twamjibu kwamba kwa huyu mmoja lililopotea ni daftari lake mwenyewe, la Chama likabaki safi. Hatupendi jibu hilo liwe ndilo la mwisho. Chama kinachomtaka mtumishi achague kati ya hayo mawili, ilhali siku tatu za ruhusa zingetosha, chapoteza mali kama kile kianikacho kahawa chini ya mvua.

Yuko na yule aliyehitimu. Mhasibu msaidizi alipata shahada yake baada ya miaka saba, na kabla mwaka haujaisha akachukuliwa na mwajiri mwingine mjini, kwa mshahara ambao Chama hakikuweza kuukaribia. Hapo ndipo manung'uniko yalipozidi. Tulisikia ikisemwa, «Tunawalisha makinda, wakiota manyoya huruka.» Uchungu huo twauelewa. Lakini tuulizane: Chama kilimlisha nini? Ada alilipa mwenyewe kutoka katika mshahara wake, kwa vipande. Usiku ulikuwa wake. Na katika miaka ile saba, kabla hajaruka, ndiye aliyezipanga upya hesabu za mikopo ya pembejeo hata vyama vya msingi vikaweza kuona deni la kila mwanachama kwa jina. Kazi hiyo aliifanya katika mwaka wake wa nne wa masomo, akitumia aliyojifunza mwaka ule ule. Mtu asomaye huku akifanya kazi halipi faida siku ya kuvikwa joho. Hulipa kidogo kidogo kila muhula, kama mti uzaao kabla haujafikia urefu wake. Akiondoka, yaliyokwisha kuzaliwa hubaki.

Hata hivyo hatusemi kwamba Chama kisijilinde. Palipo na msaada wa Chama na pawe na mapatano. Ila yasiwe mapatano ya kumfunga mtu kwa miaka mingi, maana mtumishi aliyefungwa kamba hufanya kazi ya kamba.

Lugha nayo ni mlima wake. Kazi yetu yote hufanyika kwa Kiswahili, na masomo ya juu karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtu aliyeacha shule miaka kumi na mitano iliyopita, na tangu hapo hakuandika barua ya Kiingereza ila za kuomba vipuri, hukuta ukurasa wa kwanza wamchukua jioni nzima. Tulio katika hali hiyo tuligundua dawa moja: kila tulilosoma kwa Kiingereza tukajilazimisha kulieleza kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hakulisoma. Kama tumeshindwa kulieleza, tulijua hatujalielewa bado.

Kutokana na dawa hiyo lilizaliwa jambo ambalo baadhi yenu mlilishuhudia. Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili. Habari ikafika vijijini kwa redio na simu, na katika chama kimoja cha msingi watu wakaja juu: mbona sisi hatukupata hizo dola 4? Dada wa masjala alikuwa akisoma somo la masoko muhula ule. Aliomba ruhusa akaenda na ubao. Akawaonyesha kwamba ratili ni gramu 454, hivyo dola 4 kwa ratili ni kama dola 8 na senti 80 kwa kilo. Akaonyesha kwamba bei hiyo ni ya kahawa safi iliyokwisha kukobolewa, na ya kwamba kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa kama kilo 80 za kahawa safi. Kwa hiyo kilo moja ya maganda yasimama badala ya dola 7 hivi, kabla ya kutoa usafiri, magunia, ukoboaji, tozo na mkopo wa pembejeo. Akaeleza tena kwamba bei ya siku ya redio si bei ya siku kahawa yao ilipouzwa.

Mwadhani watu walitulia? Hawakutulia. Walipokwisha kuelewa ndipo maswali yakawa makali. Mzee mmoja akauliza: kama hesabu ndiyo hiyo, gharama ya lori ya msimu ule ilikuwa ngapi kwa kilo, na nani aliyeikubali? Dada hakuwa na jibu, wala hakujifanya analo. Bodi ikalazimika kuleta hati zote za usafiri katika mkutano uliofuata, na msimu huu zabuni ya malori imetangazwa ubaoni. Wazee wa Bodi watatusamehe tukisema kwamba haikuwa siku yao ya furaha. Lakini huo ndio ushirika, na somo la jioni la mtumishi mmoja liliingia katika mfuko wa wanachama kwa mlango ambao hata yeye hakuutazamia.

Lipo na neno dogo tusilipite. Si kila mtumishi apaswa kutafuta shahada. Mpima mizani ahitaji zaidi mafunzo ya siku chache, ajue kupima unyevu wa maganda usizidi kiasi cha 12 kwa mia, kuliko miaka saba ya nadharia. Wako watu wenye akili nyingi wasiopenda vitabu, na Chama kisiwadharau wala kisiwapite katika kupandisha vyeo kwa sababu ya karatasi peke yake. Ikiwa shahada itageuka kuwa fimbo ya kuwachapia wazee wa kazi, basi heri tusingeanza.

Sasa Bodi imekubali kuleta mbele yenu shauri, nalo ni la saba katika orodha ya leo. Laomba kwamba mtumishi aliyejiandikisha katika chuo kinachotambuliwa na Serikali apewe ruhusa yenye malipo kwa siku za mtihani wenyewe na siku ya kwenda na ya kurudi, hata kama ni wakati wa ununuzi, mradi ametoa ratiba yake miezi miwili kabla na amemfundisha mwenzake kazi yake. Pili, likizo yake ya mwaka, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni siku 28, ipangwe kwa mapatano ili iangukie kabla ya mitihani, na isiangukie katika juma la kufungua ghala. Kisha chumba cha mikutano cha ofisi kiachwe wazi na taa hadi saa nne usiku kwa watumishi na kwa mwanachama yeyote asomaye, na watoto wenu wa sekondari wakitaka nao waje. Fedha Chama kitakazotoa ni nauli ya kwenda mtihanini peke yake, nayo italipwa baada ya kufaulu. Ada tutaendelea kulipa wenyewe. Kwa upande wake mtumishi atakubali kwa maandishi kukitumikia Chama miaka miwili baada ya kuhitimu, na kila mwaka, kabla ya vuno, ataeleza kwa Kiswahili katika chama kimoja cha msingi jambo moja alilojifunza, na kuulizwa maswali.

Wako watakaosema kwamba siku hizo za mtihani ni ghali. Mweka Hazina amezipima: kwa watumishi wawili wanaosoma sasa, gharama ya mwaka mzima ni pungufu ya ujira tuliomlipa mwanasheria kwa mkataba mmoja. Karatasi yake imebandikwa mlangoni, na awezaye kuisahihisha na aisahihishe kabla ya kura.

Tunao ujumbe mmoja wa kazi kabla hatujaketi. Barua za maombi ya magunia zipokelewe kuanzia Jumatatu. Dada wa masjala hatakuwapo ofisini Jumanne hadi Alhamisi, kwa kuwa ana mitihani miwili katika kituo cha mkoa, na ameziombea siku hizo katika likizo yake. Barua zenu wakati huo zipelekeni kwa karani wa ghala, ambaye mwenyewe ndiye aliyejitolea kuzipokea kwa niaba yake.